Aliyeachwa Visimani

Si zamani sana, na nguo walizovaa watu siku ile bado hazijapauka, palikuwa na nchi iitwayo Tulivuni. Ukiitafuta kwenye ramani hutaiona, na wenyewe wanasema kosa ni la ramani. Ilikuwa nchi yenye bahati. Kila kilichoharibika huko kilipewa wizara, na kila wizara ilipewa wimbo na gari la kuuimbia.

Mji mkuu wa nchi hiyo ulikunywa maji ya visima vilivyokuwa katika mtaa mmoja wa pembeni, Visimani. Mchanga wa huko ulichuja mvua ikashuka chini tamu na baridi, na watu wa Visimani waliringa kwa maji yao kama wengine wanavyoringa kwa watoto wao.

Bi Sikudhani alikuwa mmoja wa watu hao. Alikuwa mjane wa makamo, mkaanga maandazi, mwenye sauti ndogo. Ukuta kwa ukuta naye aliishi Bi Asumini, shoga yake tangu enzi za kusukana nywele kizingitini. Ukuta uliowatenganisha ulikuwa mfupi, na kwa miaka hakuna asubuhi iliyopita bila wao kuuegemea, huyu huku na yule kule, wakibishana juu ya jambo ambalo kufikia adhuhuri wote wawili walikuwa wamelisahau.

Sasa ikatokea kwamba Mlezi Mkuu wa Taifa aliumwa na tumbo. Wenye midomo walisema ni kwa ajili ya karamu aliyoalikwa ng'ambo, ambako alikula kaa na aiskrimu kwa pamoja. Sisi hatusemi hivyo. Wizara ya Maji na Matamko ilisema ni visima, na wizara haina tumbo, kwa hiyo haina sababu ya kudanganya.

Wataalamu wakaitwa. Wakapima, wakasema visima ni vizima, ila vyoo vichache vya shimo vimechimbwa karibu navyo mno. Vijengwe vingine mbali kidogo, basi. Waziri wa Maji na Matamko, Mheshimiwa Profesa Kanali Mstaafu Ngurumo Mbalamwezi, aliwasikiliza kwa huzuni. Ushauri wao ulikuwa mdogo mno. Choo kilichosogezwa hakikatiwi utepe.

Kwa hiyo ikatungwa Sheria ya Utulivu wa Maji. Waziri akaitangaza uwanjani, jua likiwaka, wananchi wakiwa wamesimama tangu alfajiri.

"Ndugu zangu," alisema, "tumechunguza, na tumegundua kwamba adui wa maji ni mwananchi! Anayanywa, anayaoga, anayachota. Mahali pasipo na mtu, hatujawahi kupokea malalamiko hata moja kuhusu maji. Hata moja! Kwa hiyo, kuanzia leo, ndani ya Visimani ni marufuku mtu, mbuzi, choo na jiko."

Watu wakapiga makofi. Wa Visimani nao walipiga, kwa sababu askari walikuwa wamesimama karibu nao zaidi.

*

Siku ya kuhamishwa, malori yalikuja na Mlezi Mkuu mwenyewe akaja kutazama. Watu walipakiwa pamoja na vitanda vyao kupelekwa mahali paitwapo Tumaini Jipya, penye mawe mengi na bango kubwa. Bi Asumini alikuwa juu ya lori tayari, ameketi kwenye godoro lake, amekumbatia kinu. Bi Sikudhani alikuwa chini, begi mkononi, zamu yake bado. Alipomwona shoga yake kule juu, mdogo kuliko kinu chenyewe, akaangua kilio.

Mlezi Mkuu akasimama. "Huyu mama analilia nini?"

Hakuna aliyejua, na katika Tulivuni kutojua jibu la swali la Mlezi Mkuu kulikuwa na adhabu yake. Waziri Mbalamwezi akajitosa. "Anayalilia maji, Mtukufu. Mapenzi yamemzidi."

Mlezi Mkuu akaguswa. Akatoa leso, akaitazama, akairudisha. "Basi aachwe," alisema, na akaenda zake kula.

Neno la Mlezi Mkuu lilikuwa sheria tangu linapotoka kinywani. Askari wawili walimpokea Bi Sikudhani begi lake, wakalirudisha ndani ya nyumba, wakampigia saluti. Yeye akakimbilia lori.

"Mimi sililii maji! Namlilia jirani yangu!"

"Panda, Siku!" Bi Asumini alipiga kelele kutoka juu. "Panda tu, watakuonaje katikati ya magodoro haya!"

Lakini askari walikuwa wamesimama mbele yake kwa heshima kubwa, wameshikana mikono, na lori likaondoka. Vumbi lilipotua, Visimani ilikuwa na visima, milango iliyoachwa wazi, na mtu mmoja.

*

Wizara ilimpa kanzu nyeupe na mshipi begani ulioandikwa RAIA SAFI. Ilizungushia mtaa mzima uzio wa waya, na nje ya uzio ikapiga mstari mweupe ambao mgeni hakuruhusiwa kuuvuka. Ilifukia choo cha Bi Sikudhani kwa sherehe fupi. Akitaka haja, alitakiwa kutembea hadi getini, atoke, aingie choo cha Wizara kilichokuwa nje.

Getini alikaa Koplo Mashaka, mtu mzima mwenye uso kama wa aliyeamshwa sasa hivi. Aliamriwa asizungumze na Raia Safi ila kwa maswali yaliyowekwa.

"Unatoka au unaingia?"

"Natoka."

"Una silaha, sumu, au mgeni?"

"Sina."

"Unatoka kwa sababu gani?"

"Haja."

"Kubwa au ndogo?"

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya Bi Sikudhani. Mwanzoni yalimtia aibu. Baadaye alijikuta akiyangoja. Baadaye zaidi akawa anakwenda getini bila haja yoyote, anaingia kule chooni, anasimama kidogo, anatoka, ili tu aulizwe tena wakati wa kurudi. Siku moja alijaribu kuyanyoosha mazungumzo.

"Una silaha, sumu, au mgeni?"

"Nina huzuni, Koplo."

Koplo Mashaka aliipitia orodha yake kwa kidole. "Hiyo haimo," akasema. Kisha akashusha sauti, "Sema huna, mama. Ukisema unayo itabidi nikupekue."

Wageni wa Serikali walikuja mara kwa mara kuona jinsi Tulivuni inavyolinda maji. Alisimamishwa kando ya kisima kikuu, atabasamu. Wageni walikipiga picha kisima kutoka kila upande, na kila mara mmoja wao alimwomba kwa adabu asogee kidogo, anaziba.

Siku za Ijumaa Bi Asumini alikuja kwa miguu kutoka Tumaini Jipya, akasimama nyuma ya mstari mweupe. Kutoka pale hadi kwenye uzio ilibidi wapige kelele. Kuna mambo hayapigiwi kelele, na mengi ya waliyotaka kuambiana yalikuwa ya namna hiyo. Kwa hiyo walipigiana kelele kuhusu bei ya unga na hali ya mguu wa Bi Asumini, na jua likipanda, mwenye safari aliondoka. Ukuta mfupi uliendelea kusimama. Bi Sikudhani aliuegemea asubuhi, akaubandua mgongo haraka, kama mtu aliyegundua kwamba kiti alichokalia ni cha marehemu.

*

Shemeji yake Waziri Mbalamwezi alikuwa na malori mengi na hakuwa na mahali pa kuyatengenezea. Mji ulijaa. Lakini Visimani palikuwa peupe, pana kivuli, na uzio ulikwisha kujengwa kwa gharama ya taifa.

Palitokea mtu, hatumtaji maana hayupo tena kazini, aliyeuliza kama sheria inaruhusu. Mwanasheria wa Wizara akaisoma mbele yake kwa sauti. Marufuku mtu, mbuzi, choo na jiko. Lori si mojawapo.

"Na mafundi je? Si watu?"

"Fundi aliye chini ya lori," alisema mwanasheria, "ni sehemu ya lori."

"Akitoka chini?"

"Ashike spana."

Ndivyo ilivyokuwa. Gereji ikafunguliwa kati ya nyumba ya Bi Sikudhani na kisima kikuu, na mafundi wakawa hawaendi popote bila spana mkononi, hata kunawa, hata kusali.

Na sasa lazima tuseme ukweli ambao utawaudhi wapenda maji: Bi Sikudhani alifurahi. Asubuhi ya kwanza alipoamshwa na nyundo na matusi ya mafundi, alikaa kitandani akisikiliza, machozi yanamtoka, kama anayesikia taarabu. Walimsalimu. Walimwita Mama. Mkubwa wao, Fundi Kitwana, mtu mnene mcheshi kutoka bara, alikuja mlangoni siku ya pili, spana mkononi.

"Mama, tunasikia zamani ulikuwa unakaanga maandazi."

"Jiko ni marufuku, baba."

"Jiko, ndiyo. Lakini sisi tuna moto wa kuchomelea vyuma. Ule ni wa lori."

Basi akakaanga kwa moto wa lori. Saa nne mafundi walikaa kwenye matairi, spana magotini, wanakula, wanataniana, wanamsimulia habari za wake zao. Bi Sikudhani alijua jina la kila mmoja na nani hapendi iliki. Safari za bure za getini zilikwisha. Koplo Mashaka, maskini, akabaki na maswali yake.

Kisha akaona wanapomwaga oili. Choo cha Bi Asumini kilisahauliwa siku ya kufukia vyoo. Shimo lake lilikuwa wazi, hatua chache tu kutoka kisimani. Kila jioni walilimiminia madebe ya oili chafu, nyeusi, nzito, na shimo halikujaa.

"Fundi," alimwambia Kitwana, "huko chini ndiko yaliko maji."

Kitwana alijikuna kisogo kwa spana. "Najua, Mama. Nilimuuliza bosi pa kumwaga, akasema kwani ardhi imejaa? Ukitaka, nenda kaseme. Watatuhamisha tu." Akamtazama. "Unataka tuhame?"

Bi Sikudhani aliliinamia karai. Alimwongezea andazi.

*

Haikuchukua muda mji ukaanza kuona mambo. Chai ilikuwa na upinde wa mvua juu yake. Wali ulinuka mafuta ya kandili. Redio ya Taifa ikaeleza kwamba hiyo ni ladha ya viwanda, na kwamba nchi jirani, pamoja na majivuno yao, hazijawahi kuwa na upinde wa mvua ndani ya kikombe.

Ijumaa hiyo Bi Asumini alifika mapema, bila mtandio, amevaa kandambili za watu wawili tofauti.

"Siku! Maji yanayotufikia kutoka huko yananuka! Watoto wa Tumaini Jipya wote wanaharisha! Mjukuu wangu Zaina amelazwa, hata uji haukai tumboni!" Akakohoa, akavuta pumzi. "Wewe uko juu ya kisima! Unaona nini huko?"

Nyuma ya Bi Sikudhani mafundi walikuwa wakicheka. Mmoja alikuwa akimwita, "Mama, yameiva?"

"Sioni kitu!" Bi Sikudhani alipiga kelele.

"Nini?"

Ikabidi aseme mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi. "Sioni kitu, Asumini!"

Bi Asumini akaitikia kwa kichwa, akageuka, akaenda zake hospitali. Hakuwa na sababu ya kutoamini.

Manung'uniko yalipozidi, Serikali ikaunda Tume. Tume ilikuja Visimani na maji yake ya chupa kutoka ng'ambo. Ilitembelea pampu, ikaihoji, ikaridhika na msimamo wake. Ililizunguka shimo la Bi Asumini kwa uangalifu ili viatu visichafuke. Mwishowe ikabaini kwamba chanzo ni njiwa, ambao huruka juu ya visima bila kibali na ambao, Tume ilisikitika kusema, hawana uraia. Njiwa wakakamatwa. Mji ulikula njiwa wiki nzima, na maji yakaendelea kunuka.

Ikatangazwa sherehe. Mlezi Mkuu angekuja Visimani kunywa maji mbele ya taifa, kutoka mkononi mwa Raia Safi, redio ikirusha moja kwa moja. Waziri Mbalamwezi alikuja kumfundisha Bi Sikudhani mwenyewe.

"Glasi itakuwa chini ya meza, imekwisha jazwa. Maji ya chupa. Wewe utainama kidogo, kama unachota, kisha umpe. Utasema, 'Matamu, Mtukufu.' Sema."

"Matamu, Mtukufu."

"Usiseme kama mtu mwenye msiba. Tena."

Asubuhi ya sherehe alikwenda getini. Koplo Mashaka alisimama wima, akatazama mbele.

"Unatoka au unaingia?"

"Natoka."

"Mjukuu wa rafiki yako bado yuko wodini," alisema Koplo Mashaka, kwa sauti ileile ya maswali. "Kitanda cha pili kutoka dirishani. Cha kwanza ni cha binti yangu. Una silaha, sumu, au mgeni?"

Bi Sikudhani alishika nguzo ya geti. Hakwenda chooni. Alirudi.

*

Bendi ilipiga. Kwaya ya Wizara iliimba wimbo wa maji. Waziri alihutubia, akamsifu Mlezi Mkuu kama Bomba Lisilopasuka. Kisha Bi Sikudhani akasukumwa mbele, kanzu imepigwa pasi, na chini ya meza glasi ya maji ya chupa ikimetameta.

Hakuinama. Alikwenda kisimani, akashusha ndoo kama alivyofanya maisha yake yote, akaivuta, akajaza kikombe, akampelekea Mlezi Mkuu kwa mikono miwili. Mafuta yalikuwa yakizunguka juu polepole, zambarau na kijani.

Mlezi Mkuu alikisogeza kikombe puani. Alikisogeza mbali. "Nini hiki?"

"Ni oili, Mtukufu. Inamwagwa kwenye shimo la jirani yangu aliyehamishwa. Nimeiona kwa muda mrefu." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kipaza sauti cha redio kilikuwa karibu. "Nilinyamaza. Mafundi hawa ndio watu pekee wanaozungumza nami. Niliona wakiondoka nitakufa. Jirani yangu aliniuliza, nikamwambia sioni kitu, na mjukuu wake yuko hospitali."

"Akamatwe!" alipiga kelele Waziri.

Askari wakapiga hatua, kisha wakasita. Mlezi Mkuu alikwisha sema aachwe, na hakuna aliyejua neno hilo linaishia wapi. Wakamtazama mwenyewe. Yeye alikuwa amesahau kwamba alipata kulisema. Alikuwa akitazama gereji.

"Hii gereji ya nani?"

Shemeji ya Waziri alichunguza viatu vyake.

"Ya wananchi, Mtukufu," alisema Waziri.

"Basi wananchi waihamishe."

Makofi yalidumu hadi mikono ya watu ikavimba. Jioni redio ilieleza jinsi Mlezi Mkuu, kwa harufu moja tu, alivyogundua kilichowashinda wataalamu, na kuanzia siku hiyo aliitwa pia Pua ya Taifa. Waziri Mbalamwezi aliadhibiwa vikali kwa kupewa Wizara ya Reli, ambayo haikuwa na reli. Gereji ikahamishiwa milimani, mto unakoanzia, kwa kuwa sheria ya Visimani haifiki huko.

*

Mafundi walifungasha bila kelele. Fundi Kitwana alikuja mlangoni na spana yake, ingawa hakuihitaji tena.

"Tulikuwa tunakuita Mama," alisema.

"Nilikwambia, Kitwana. Nilikwambia chini kuna maji."

Fundi Kitwana aliigeuza spana mkononi. "Ulisema mara moja tu," akasema, na akaondoka. Moto nao waliuchukua, maana ulikuwa wa lori.

Wafungwa wakaletwa kuchimba mchanga mweusi kuzunguka shimo. Mvua zikanyesha, pampu zikavuta, maji yakaanza kujisafisha kwa taratibu zao, bila tamko. Watoto walitoka hospitali. Koplo Mashaka alimwambia hivyo katikati ya maswali: wa kwanza na wa pili, wote wametoka.

Lakini Ijumaa zilipita na nyuma ya mstari mweupe hapakuwa na mtu. Redio ilisikika hadi Tumaini Jipya. Bi Sikudhani alijua kwamba shoga yake alimsikia, kwa sauti yake mwenyewe, akisema nikamwambia sioni kitu. Alisimama uzioni asubuhi nzima, Ijumaa baada ya Ijumaa, kisha akaingia ndani. Alianza tena kwenda getini bila haja. Siku moja Koplo Mashaka aliuliza, "Una silaha, au sumu?" na akanyamaza hapo. Neno mgeni aliliruka. Hakulitamka tena kuanzia siku hiyo, na kama wakubwa wake wangelijua, angepoteza kazi.

Kisha, Ijumaa moja yenye mawingu, Bi Asumini akaja. Alikuja kwa hasira, mguu mbovu ukiburutika, na alipofika kwenye mstari mweupe hakuuona au hakutaka kuuona. Aliuvuka. Koplo Mashaka aliinua uso kutazama kama kuna njiwa wanaopita bila kibali, na akaendelea kutazama ingawa njiwa waliliwa zamani.

Bi Asumini akaushika waya kwa vidole vyote.

"Mwongo wewe!" alisema. Hakuhitaji kupiga kelele. Walikuwa karibu kama zama za ukuta. "Nimekuja na mguu huu, nimekuuliza, mtoto yuko kitandani amebaki macho, unaniambia huoni kitu! Kwa maandazi! Kwa kuitwa Mama na wanaume wenye spana! Mimi sikuwa ninakuja? Sikuwa natembea?"

"Ulikuwa unakuja."

"Usinijibu!"

"Sikujibu. Endelea."

Bi Asumini akaendelea. Alimsema kwa ya Zaina, akarudi nyuma akamsema kwa ya zamani, kwa ungo aliouazima na kuutoboa, kwa harusi ambayo hakuhudhuria. Bi Sikudhani alisimama ameinamisha kichwa, akipokea kila neno. Tangu malori ya kwanza yaondoke, hakuna mtu aliyewahi kumwambia maneno mengi namna hiyo.

Mwishowe sauti ikamkauka mwenye kusema. Alimeza mate. "Nipe maji," alisema, bila kumtazama.

Bi Sikudhani alikimbia, na umri wote ule, akachota, akakipenyeza kikombe kwenye tundu la waya. Bi Asumini alikinusa, akamrudishia. "Kunywa wewe kwanza."

Akanywa. Bi Asumini alimtazama usoni kwa makini, kisha akakipokea kikombe, akanywa funda moja, akalizungusha mdomoni, akalimeza.

"Bado yananuka," alisema. "Kidogo. Kwa mbali." Akamwaga kilichobaki, akafunga kanga yake vizuri kiunoni. "Mtu hawezi kuwaamini hawa wala wewe. Nitakuja Ijumaa kuonja tena. Yakiacha kunuka, nitajua."

Akageuka, akauvuka mstari mweupe, akashika njia ya Tumaini Jipya. Bi Sikudhani alibaki ameshika waya, akimwangalia hadi kona ikammeza. Kisha alirudi kisimani, akaketi ukingoni, akatazama chini kule gizani ambako maji ya mji mzima yalikuwa yakisafika. Na, Mungu amsamehe, aliomba harufu ile isiishe upesi.